Meli Isiyo ya Baba

Bi Riyama mpendwa, shikamoo. Nakuandikia sina pa kushika, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, naishi Mpendae na baba yangu, Mzee Kheir, ambaye ujanani alikuwa mpishi katika meli kubwa ya abiria, na sisi wanawe tumelelewa kwa hadithi za meli hiyo, basi mwaka jana nilipokwenda masomoni ng'ambo akaniomba kitu kimoja tu, niitafute meli yake nimpigie picha, nikaulizia bandarini nikaambiwa ilishakatwakatwa zamani ikawa vyuma chakavu, Bi Riyama nililia, lakini kumwambia ikawa muhali, na pale bandarini ilikuwepo meli nyengine ya zamani iliyofanywa hoteli, usiku inawaka taa mpaka majini, nikaipiga hiyo, nikaichapisha kubwa ya kujaza ukuta wa ukumbi, nikampa nikisema ndiyo yenyewe.

Aliitazama sana, akauliza, "Mayasa, mbona dohani za moshi mbili?" Nikamwambia waliongeza moja walipoifanya hoteli. Akasema, "Ahsante, mwanangu," basi.

Tangu siku hiyo hajasimulia hadithi hata moja, anakaa anaitazama tu, chakula anakigusa na kukiacha, anazidi kukonda. Na Ijumaa anakuja Mzee Kificho kutoka Tumbatu, walifanya kazi meli moja, akiiona tu nimefedheheka. Natamani ukuta ule uanguke. Nifanye nini?

Mayasa, Mpendae

Marahaba, Mayasa.

Mzee Kificho unamuogopa bure. Baba yako anajua. Mtu aliyeishi ndani ya meli unamwambia dohani imeota kama uyoga, ukadhani kakubali? Alijua siku ile ile, na akajua kwa nini umemletea nyengine, maana meli yake ingekuwepo ungemletea yenyewe. Miezi yote hii amekaa na msiba wake peke yake, kwa sababu kukwambia umemdanganya nako kwake ni muhali. Mmestahiana mpaka mzee hali chakula!

Nakuonea huruma, nia yako ilikuwa njema. Lakini umemnyima hata kupewa pole.

Usingoje Ijumaa. Leo baada ya sala ya alasiri ishushe picha mwenyewe, kaa chini karibu yake, umwambie, "Baba, meli yako imekatwa. Nisamehe." Usijitetee. Akilia, usimnyamazishe. Na Mzee Kificho akifika, mpokee mlangoni, umweleze kwamba amekuja kumpa mwenzake mkono wa tanzia.