Unambakizia Nani?

Mjukuu wangu Neema,

Huku Soni hatujambo, na kabichi zimefunga vizuri. Unauliza kwa nini umalize dawa na homa imeshashuka.

Miaka ya Ujamaa niliugua homa ya matumbo. Siku ya tatu nikapata nafuu, vidonge vilivyobaki nikampa jirani yangu Mama Sefu, naye akiumwa. Si tulikuwa tunagawana kila kitu! Wiki iliyofuata tulirudi zahanati wote wawili, tumeegemeana. Mganga akacheka: “Mama, shamba ndilo la ujamaa, dawa siyo!” Vidonge vilevile havikufua dafu tena, sindano za hospitali ya Lushoto ndizo zilizotuponya.

Tangu hapo, hata nikimeza kidonge cha kichwa, marehemu babu yako alikuwa akiniuliza, “Umembakizia Mama Sefu?”

Sasa babu hayupo, basi nakuuliza mimi: wewe unambakizia nani?

Bibi yako