Uso Nilimficha, Kofia Nikamwachia

Bi Rawda mshauri wetu, salamu nyingi kutoka Kismayo, nakuandikia huku nacheka na huku naogopa, nakuomba unisaidie kabla ya harusi ya shemeji yangu Mzamil maana ikifika siku hiyo nimekwisha, na tafadhali usinihukumu mpaka umalize kusoma, na jina langu usilitaje.

Mimi ni mke wa mtu, kwetu ni kisiwa cha Chovai lakini nimeolewa hapa mjini, mume wangu Fakihi anatengeneza mashine za boti, ni mtu mpole mwenye haya nyingi, hata akicheka hufunika mdomo kwa mkono, watoto Mungu ametupa na wanasoma, sina shida ya ndoa ya kukulilia. Mimi kazi yangu ni kushona kofia za mkono, nilifunzwa na mama naye alifunzwa na mamake, na kofia zangu zimevaliwa mpaka Mombasa.

Shida ilianzia kwenye simu. Dada yangu Khairat anayeishi Ulaya alinitumia hadithi za mapenzi, zile za wakubwa, zilizoandikwa na wanawake, nikafungua moja kwa kujaribu tu nikingoja wali ukauke, wali ukaungua na hadithi haijafika katikati. Nikaomba nyingine. Baadaye akanitumia picha zilizochorwa kwa kompyuta, za mke na mume chumbani kwao, na nyingine zilikuwa nzuri mpaka niliinuka nikaenda kufunga mlango, lakini Bi Rawda, watu wote mle walikuwa wembamba kama sindano, shuka nyeupe kama za hospitali, hakuna aliyejifunga leso, hakuna asumini kwenye mto, nikasema mbona sisi hatumo, kwani sisi hatupendani? Basi nikaanza kuchora mwenyewe kwa kidole kwenye simu, na Khairat alipokuja likizo akaniletea tableti na kalamu yake, hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Sichori uchafu, wallahi. Nachora mke na mumewe, leso imeteleza, mkono wenye hina uko shingoni mwa mwanamume, udi unafuka, na mengine siyaandiki kwa sababu najua gazeti lenu hufungiwa hata maandazi, ila mtu mzima ataelewa. Yupo hapa kwetu Bi Arafa, somo anayewafunda maharusi, naye ana kundi la WhatsApp la wanawake walioolewa tu, kwa sababu maharusi wake siku hizi wametawanyika, huyu yuko Mombasa, yule yuko kambini kwa wakimbizi, mwingine yuko kwenye baridi ya Ulaya, akaona awafunde humo humo. Nikanunua laini mpya, nikajiita Binti Fulani, nikatuma picha moja. Bi Rawda! Vigelegele vya sauti vilinijia mpaka simu ikajaa. Mmoja akasema picha ile imemfanya apike biriani Jumatatu. Nikatuma ya pili, na ya tatu, na furaha niliyoipata sijui nikuelezeje, mimi ambaye nikiwa katikati ya wanawake huwa ni wa kushika chano cha kahawa tu.

Sura sikuchora hata moja, kwa kumwogopa Mungu na kuwaogopa watu, mwanamume nilimgeuza upande wa pili au nikamfunika kwa nywele za mkewe, nikajiona nimemaliza ujanja wote. Lakini mwanamume wangu nilimvika kofia. Mara nyingi hana kingine, ila kofia anayo. Na mkono wangu, Bi Rawda, umezoea kazi yake, hauwezi kuiacha kofia tupu, nikaitia nakshi yote, tundu kwa tundu, bila hata kufikiri, na nakshi iliyokuja ni ile niliyoitunga mwenyewe nilipoposwa, nikamshonea Fakihi kofia ya harusi, na hakuna mwingine aliyenayo pwani nzima, nayo ni hivi: *(hapa ameieleza yote mpaka rangi ya uzi, nimeifuta – Rawda)*.

Huku kwetu, mwanamke anayeshona huijua kofia ya mtu kama anavyowajua watoto wa jirani. Wa kwanza kunijia alikuwa wifi yangu Samiha, dada yake Fakihi, aliingia jikoni hata salamu hakumaliza, akanisukumia simu, picha zangu zote tatu zimo, akanifokea kwa lahaja yetu. “Abaayo, dada yangu, hii ni ni? Mchu hana uso, lakini kofia ya kakangu siijui mimi? Mimi niliyekushikia uzi ukiishona?” Nikakana, akaikuza kofia kwa vidole viwili, mwisho nikakaa chini nikakubali. Akasema nivunje tableti na niape kwamba sitachora tena maisha yangu, la sivyo atamwambia kaka yake mwenyewe.

Kumbe si yeye peke yake. Ijumaa Fakihi alivaa kofia ile ile kwenda msikitini, akapita mbele ya baraza ya kina Bi Arafa, akarudi nyumbani ameduwaa. “Mke wangu, wake wa mchaa huu wana ni leo? Mbona wanicheka? Kikoi changu kimeraruka?” Akajigeuza nimtazame nyuma. Nikamwambia hakijararuka, nikaenda chooni nikacheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli, kwa sababu alikuwa amesimama pale na kikoi chake kizima, mtu wa watu, hajui kitu.

Na sasa limekuja kubwa zaidi. Mzamil, mdogo wake, anaoa wiki ijayo, na amemwomba kaka yake amwazime kofia ile aivae siku atakapoingizwa ndani kwa bibi harusi, kwa kutafuta baraka, eti ndoa yetu ni tulivu. Fakihi alikubali kwa furaha. Unajua mwenyewe bwana harusi akiingia ndani wanawake wote wanakuwa pale, shangazi za bibi harusi wamo kundini, Bi Arafa ndiye somo wake, itakuwaje kijana wa watu akitokea mlangoni amevaa kofia ile? Watacheka ukuta uanguke. Na bibi harusi atauliza wanacheka nini, na kuna atakayemwambia.

Nimefikiria kusema panya ameila, nimefikiria kuimwagia mafuta ya samaki, nimefikiria kukimbilia kisiwa cha Koyama kwa mjomba mpaka harusi ipite. Kuvunja tableti moyo unakataa. Kumwambia Fakihi mdomo unakataa. Niambie, Bi Rawda, mimi ni mwanamke mchafu? Na nifanye nini nisimpoteze mume wangu?

Wako,
Mshona Kofia, Kismayo

*

Mshona Kofia mwanangu,

Kwanza niruhusu nipanguse miwani. Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta kuuliza kama nina mgeni. Nimemwambia ninaye, ametoka Kismayo.

Haya, sasa tusemezane. Unaniomba nisitaje jina lako, kisha mumeo, mdogo wake, wifi yako na somo wa mtaa wako unanitajia mmoja mmoja, na kofia unanieleza mpaka rangi ya uzi, ili niichapishe kwenye gazeti linalofunga maandazi! Majina yote nimeyabadilisha, na nakshi nimeifuta kwa mkono wangu, unishukuru. Lakini hapo umeuona ugonjwa wako. Wewe ukishika kitu unachokipenda, unasahau kwamba watu wana macho.

Unaniuliza kama wewe ni mchafu. Hapana. Mimi nimezaliwa kisiwani Kudha, na nilipoolewa nilifundwa siku nzima mlango umefungwa, na wanawake waliokuwa wakipiga pembe ya vugo mle ndani waliimba mambo ambayo hata wewe na kalamu yako hujayafikia. Bibi yangu, mswalihina, tasbihi haikumtoka mkononi, ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwanamke kupenda, kutamani, kutaka kusoma na kutazama mapenzi ya wakubwa hakukuanza na simu ya Khairat. Wanaotuambia kwamba mambo hayo ni ya wanaume peke yao hawajawahi kukaa nyuma ya mlango ule. Kuhusu hukumu ya kuchora viumbe, waulize wenye elimu ya dini, mimi si shehe na sitajifanya. Ila usiku usikeshe ukidhani uko peke yako, maana barua za namna yako ninazo hapa, nyingine zimetoka kwa wake za watu wakubwa ambao ukiwaona barabarani utawabusu mkono.

Nimekubembeleza, sasa nikugombeze. Mlango wa kufundia ulikuwa na komeo. Wimbo ukiisha umeisha, kila mtu anajifunga leso yake anakwenda kwake. Picha haiishi. Ikishatoka kwenye simu yako ni mchele uliomwagika mchangani, utauokota mpaka uchoke na mwingine kuku wataula. Na kosa lako si kuchora mapenzi, mwanangu, kosa lako ni kwamba ulimchora mtu ambaye hukumwuliza. Mke ni vazi la mumewe na mume ni vazi la mkewe, hilo umelisikia tangu chuo cha Kurani. Fakihi akivua nguo mbele yako anakuamini. Wewe ukamtoa barazani na kofia tupu! Huyo mtu mwenye haya, anayefunika mdomo akicheka! Ingekuwa yeye ndiye amechora mgongo wako na hina yako akawatumia mafundi wenzake wa mashine, leo ungekuwa umeshafika kwenu Chovai na masanduku yako.

Kwa hiyo hilo la panya lifute, na mafuta ya samaki yarudishe jikoni. Kofia haina kosa lolote. Koyama usiende, kwa sababu ukikimbia, Samiha ndiye atakayeisimulia hadithi yako, na atakuwa anaisimulia kwa hasira.

Na huyo Samiha nina neno naye. Kumlindia kaka yake heshima ni haki yake, wifi mwema hufanya hivyo, nawe mwombe radhi bila kumjibu kwa ukali. Lakini ukishaomba radhi, muulize kwa upole kabisa: picha ya kwanza ilipomchukiza, kwa nini alibaki kundini mpaka akaiona ya tatu? Halafu nyamaza, umpe chai. Nadhani habari ya kuvunja tableti itaishia hapo.

Sasa sikiliza utakachofanya, na ukifanye kwa mpango huu. Leo hii mtumie ujumbe Bi Arafa kwa laini yako ya kweli, mwambie Binti Fulani ni wewe, mwombe aziondoe picha zote zenye kofia na awaambie wanawake wake wazifute. Somo anayejua kazi yake atafanya hivyo kabla hujamaliza kuomba, na nina hakika alikwisha kujua. Wapo watakaozificha, hilo lipokee, ni faini yako.

Kisha mwambie Fakihi. Si kesho, si baada ya harusi. Mngoje atoke kazini, aoge, ale ashibe, watoto wapeleke kwa jirani, ufunge mlango. Usianze na wanawake walivyocheka, anza na picha yenyewe, umwonyeshe. Umwambie: huyu ni wewe, na huyu ni mimi, nilichora kwa sababu nakutamani, na nilikosa kwa kuwaonyesha watu kabla yako. Useme hivyo hivyo, usipambe. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Huenda akalala amekugeuzia mgongo usiku mmoja au zaidi, usimsukume. Lakini mwanamume anayejigeuza mkewe amtazame kama kikoi kimeraruka si mtu wa kuvunja nyumba kwa jambo hili. Mtu kama huyo ukimwambia ukweli mapema utamwumiza, ukimwachia ausikie kwa wengine utamwaibisha, na kuumia hupona upesi kuliko aibu.

Kofia ya Mzamil aamue Fakihi mwenyewe, kwa kuwa ni yake. Akisema isivaliwe, bwana harusi avae nyingine, nawe mwahidi kwamba utamshonea ya kwake, nakshi yake peke yake, na hiyo usiichore popote. Akisema ivaliwe, basi ivaliwe, na wanawake wakicheka nawe cheka, maana kicheko cha harusini hakijawahi kumwua mtu.

Na kuchora? Chora. Mungu amekupa mkono, na nisingependa ukauke kwa hofu. Wachore watu wasiokuwepo, uwavike kofia zisizokuwepo, na kabla ya kumtumia yeyote umwonyeshe mumeo. Akikataa, iache chumbani, huko nako kuna mtazamaji. Mimi usinitumie, nina presha na daktari amenionya.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya wengine. Umeniandikia mambo mengi, lakini sikuona mahali hata pamoja uliposema umewahi kumwambia Fakihi unachokipenda. Umewaambia waliopo kambini, umewaambia walio kwenye baridi, umemwambia mpaka wa biriani ya Jumatatu. Mji mzima unajua, mwanangu. Aliyebaki ni mmoja tu, naye ndiye anayelala kando yako. Weka simu chini, kamwambie.

Rawda