Ukurasa Mweupe wa Mama Amani

Alhamisi, mwezi wa Juni. Dzaleka, kambi ya wakimbizi, Malawi. Baridi kavu. Upepo umebeba vumbi tangu asubuhi. Jua lipo, lakini halisaidii.

Leo ni siku ya thelathini na nane. Jumamosi itakuwa ya arobaini, na tutaondoa matanga ya mke wangu.

Ninaandika nikiwa katika chumba cha kompyuta cha kituo cha mafunzo, kwenye meza ya mwisho karibu na dirisha. Hapa ndipo ninapokaa tangu Januari, nilipoamua kujifunza kutengeneza tovuti. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukavu, Kongo, na nimefika umri ambao wenzangu wanajifunza kupumzika. Wanafunzi wengine hapa wanaweza kuwa wajukuu zangu. Wananiamkia, wananipisha mlangoni, na baada ya hapo hakuna anayezungumza nami. Siwalaumu. Nina uso wa mtu anayesahihisha.

Sina haraka ya kurudi nyumbani. Nyumba ina viti viwili, na sijui kile cha pili nikiweke wapi.

Kwetu, mtu akifa, watu huja kukaa. Hukaa juu ya mikeka, hunywa chai, na kila mmoja husema neno lake juu ya marehemu. Siku ya kuondoa matanga, maneno ya wale ambao hawakuweza kufika husomwa kwa sauti mbele ya wote, kisha mikeka hukunjwa. Lakini watu wetu wametawanyika. Wengi tuliokaa nao mtaa mmoja hapa kambini wamehamishiwa nchi za mbali. Mwanangu wa pekee, Amani, ni mmoja wao.

Kwa sababu hiyo, wiki moja baada ya mazishi, nilitengeneza ukurasa. Una picha ya mke wangu, nafasi ya kuandika jina, nafasi ya kuandika neno, na kitufe cha kutuma. Nyuma yake kuna skripti, yaani maagizo niliyoyaandika mimi, ambayo seva huyafuata: pokea jina, pokea neno, hifadhi, shukuru. Nilituma anwani ya ukurasa kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake ya simu. Kisha nikasimama kanisani, nikatangaza kwamba Jumamosi ya arobaini maneno ya walio mbali yatasomwa.

Hakuna hata neno moja lililofika.

Nilichunguza, kama tulivyofundishwa. Kila asubuhi niliandika jina langu na neno "jaribio", nikabonyeza, na ukurasa ukanishukuru. Nilifungua faili, nikakuta jaribio langu limehifadhiwa vizuri. Nilifuta, nikakaa mbele ya faili tupu. Skripti ilikuwa nzima. Nikakata shauri kwamba wabovu ni watu.

Niliamini hivyo kwa wiki nne, na imani hiyo ilikuwa na mantiki yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipenda watu kwa niaba yetu sote wawili. Yeye alijua nani ana mgonjwa, nani amejifungua, nani hajala. Mimi nilijua nani amekosea. Watu walikuja nyumbani kwake nami nikawa mle ndani, nikisoma. Niliona kwamba sasa, ili wamfikie yeye, wanapaswa kupitia kwangu, na hakuna aliyetaka kupita.

Hata Amani.

Amani hupiga simu kila Jumapili. Tunazungumza juu ya baridi ya kwao na baridi ya kwetu. Sikumwuliza kwa nini hakuandika. Sikutaka kumwomba mwanangu amlilie mama yake. Naye hakuuliza chochote. Jumapili nne tulikaa kimya hivyo, kila mmoja upande wake wa dunia, tukitaja hali ya hewa.

Nakiri jambo moja. Jumatatu nilianza kuyatunga maneno hayo mwenyewe. Niliandika matatu, nikayapa majina ya watu niliowafundisha zamani, nikabadilisha mtindo ili yasifanane. Nilipoyasoma tena, hayakuwa na kosa hata moja. Yalikuwa maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwambia mke wangu. Niliona aibu, nikayafuta.

Jumanne nilipita sokoni. Yuko pale Mama Riziki, Mwislamu wa Kindu anayeuza usipa mkavu, dagaa wa huku. Alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, na mimi sikuwahi kumpa zaidi ya salamu. Aliniita mbele ya wateja wake.

"We Mwalimu! Batu banaandika maneno ya kilio, na we unapita tu kama hakimu? Hata asanti hauna?"

Nilimjibu kwamba hakuna mtu aliyeandika.

"Hakuna? Miye Mama Riziki njo hakuna? Niliandika na hiki kidole changu, telefone ikanuka samaki siku mbili! Nikabonyeza, karatasi yako ikakuwa nyeupe pe, kama sanda. Nikasema, aa, ni ya Mwalimu, haisemake na batu."

Wateja walicheka. Nami ningekasirika, kama si lile neno moja. Nyeupe.

Weupe huo nilikuwa nimeuona mara moja. Ilikuwa Februari, tulipokuwa tukifanya zoezi letu la kwanza la skripti, daftari la mahudhurio ya darasa. Mke wangu alipita hapa kituoni kuniletea miwani niliyoisahau. Nilimkalisha kwenye kiti hiki hiki, nikamwambia aandike jina na neno lolote, nione kama zoezi linafanya kazi. Aliandika kwa kidole kimoja, akikinga skrini kwa mkono wa pili kama mtoto anayeogopa jirani yake atanakili. Akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe.

"Imenikatala," alisema.

"Umebonyeza vibaya," nilimjibu. Sikuangalia hata. Alicheka, akajifunga vizuri kitenge chake, akaenda zake.

Jana niliomba kibali cha kutoka kambini, nikaenda Lilongwe. Nilishuka Area 25, nikatembea hadi Nsungwi, anakokaa Espérance. Ndiye aliyenifundisha hapa kituoni, kabla hajaolewa na Mmalawi na kuhamia huko. Siku hizi anashona sare za shule barazani, na kati ya nguo moja na nyingine anatengeneza tovuti za watu. Alisogeza cherehani, akaweka kompyuta yake palepale juu ya vitambaa.

Kosa la kwanza aliliona upesi. Nilikuwa nimeizuia seva isionyeshe makosa. Nilimweleza sababu: sikutaka waombolezaji waje matangani wakute makosa yangu yamebandikwa ukutani.

"Papa Mwalimu! Ya kwetu unaonyeshaka, ya kwako unazima?" Alicheka mpaka mumewe akachungulia kutoka ndani.

Akaruhusu makosa yaonekane. Akaandika jina lake na la mumewe, akaandika neno la pole, akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe. Hapakuwa na kosa lolote. Akarudia. Mweupe tena. Hapo akaacha kucheka, akanitazama.

"Papa, hii haina kosa. Iko inakutii."

Nilimwuliza ana maana gani.

"Kuna pahali uliiambia inyamaze. Njo inanyamaza. Rudi kwa skripti yako, utie alama katikati ya mistari: nimefika hapa moja, nimefika hapa mbili. Pahali alama zitaishia, njo pale."

Alikuwa anataka kuifungua skripti yenyewe tuitazame pamoja, lakini umeme ukakatika, na kompyuta yake haina betri. Kibali changu kilinitaka nirudi kabla ya jua kushuka. Mumewe hakuniruhusu kuondoka bila kula. Nilikula nsima, ugali wa huku, na mboga, nikashukuru kwa lugha yao, zikomo, nikaenda kutafuta gari. Njia nzima nilifikiri juu ya neno lile. Inakutii.

Leo asubuhi nimetia alama. Nimeandika jina kama alivyoliandika Mama Riziki, nimebonyeza, na nimesubiri.

Nimefika hapa moja. Nimefika hapa mbili.

Tatu haikuja.

Kati ya alama ya pili na ya tatu palikuwa na mistari minne, na yote niliandika mimi. Ukweli ni kwamba, kwa haraka ya msiba, sikutunga skripti mpya. Nilichukua ile ya Februari, ya mahudhurio, nikabadilisha kichwa chake na ile nafasi ya maneno. Na katika ile ya Februari nilikuwa nimeweka sheria yangu ya darasani. Kwetu Kongo mtu ana majina matatu: la kwake, la pili, na la ubatizo. Kwa miaka yote niliyofundisha, mwanafunzi aliandika yote matatu juu ya karatasi. Karatasi yenye majina mawili sikuisahihisha, wala sikumweleza mwenyewe kwa nini. Alipaswa kujua.

Skripti ilihesabu majina. Yakiwa chini ya matatu, iliacha kazi palepale, kimya, bila kumwambia mtu lolote.

Na mimi kila asubuhi nilijaribu kwa jina langu: Murhula Bashige Déogratias.

Nani mwingine anaandika matatu siku hizi? Waliohamia ng'ambo walipewa kadi zenye nafasi mbili tu, na jina lililozidi likabaki njiani. Mwanangu sasa ni Amani Murhula. Mama Riziki ni Mama Riziki, na hakuna duniani anayemtaka awe zaidi ya hapo.

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Nilidhani yote yamepotea, na Jumamosi ni keshokutwa. Kisha nikasoma mstari wa nne.

Shuleni, karatasi zisizo na majina kamili sikuzitupa. Niliziweka katika droo ya chini ya meza yangu, mpaka mwenyewe aje kuiomba. Wachache walithubutu kuja. Februari, nikiwa na furaha ya mtu anayejifunza kitu kipya, niliifundisha seva desturi hiyo pia: kabla ya kunyamaza, liweke neno katika faili jingine. Faili hilo nililiita "droo". Nilipoinakili skripti, droo yake ilikuja pamoja nayo. Na mimi nilikuwa nimeisahau, kama nilivyokuwa nikiisahau ile ya mbao.

Nimeifungua.

Ukitoa jaribio langu la asubuhi, yamo maneno arobaini na matatu.

Mama Riziki yumo: "Alinishikiaka mtoto saa ya swala. Sasa naswali na mtoto mgongoni." Wamo majirani wetu wa zamani, kila mmoja na la kwake, mmoja akitaja ndoo ya maji, mwingine akitaja wimbo ambao mke wangu aliukosea kila Jumapili kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye katika kila ibada, na sikujua kwamba kuna watu waliomsubiri afike pale anapokosea.

Amani ameandika mara nne. Ni neno lile lile, refu, na kila mara ameongeza mstari mwishoni, kama mtu anayegonga mlango huku akiwaza kwamba pengine hakugonga kwa nguvu. Mara ya nne ameongeza hivi: "Papa, najua unasoma. Kama haujibu, haina neno. Mama alinifundisha kukungoja."

Jumapili nne alikuwa akinisubiri niseme, na mimi nikamweleza juu ya upepo.

Nimeyasoma kuanzia chini, kwa sababu mapya huingia chini. Kwa hiyo la zamani kuliko yote nimelifikia mwisho, juu kabisa ya faili. Tarehe yake ni ya Februari.

Jina: Mama Amani.

Neno: "Baba Amani umesahau miwani ku meza njo nimekuletea. Saa ya kula isikupite. Niko nakungoja."

Hakubonyeza vibaya.

Nimeifuta ile mistari ya kuhesabu majina. Sasa mtu anaweza kuandika jina moja, au la utani, au asiandike kabisa, na ukurasa utamshukuru. Nimejaribu kwa jina la Mama Riziki, nikashukuriwa. Jumamosi nitasoma maneno arobaini na mawili mbele ya mikeka, kila moja kama lilivyoandikwa, bila kugusa hata nukta. La arobaini na tatu sitalisoma. Hilo lilitumwa kwangu.

Leo si Jumapili, lakini nitampigia Amani. Sijui nitaanzaje. Pengine nitaanza na neno ambalo sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote, kwamba kosa lilikuwa la mwalimu. Na nikitoka hapa nitapita sokoni, nimpe Mama Riziki asante yake, mbele ya wateja, kwa kuwa alinidai mbele yao.

Ni saa saba. Vijana wamezima kompyuta zao, wamekwenda kula, na nimebaki peke yangu na vumbi linalogonga dirisha. Nyumbani hakuna aliyepika.

Ninafunga kompyuta. Saa ya kula isinipite.