Mlango wa Leander Moseley

Tressler, Pennsylvania
11 Januari 1987

Shemeji Emil,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Sisi huku wazima, ila goti langu, ambalo siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Dada yako Milka anauliza kifua chako kinaendeleaje huko Arizona, na kama unakula. Nimemwambia mtu wa Vesta haachi kula hata nyumba ikiungua.

Nina neno na wewe. Kamati ya Jumba la Mashujaa, pale ghorofani kwa wazimamoto, inakutana kwenye chakula cha jioni tarehe 25 Aprili. Mwaka huu nimempendekeza Leander Moseley. Ndiyo, yule yule uliyekabiliana naye miaka mitatu mfululizo katika mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, timu yenu ya Vesta na yetu ya Tressler.

Kanuni yetu unaijua. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo hapa bondeni rafiki hamsemei rafiki. Jina haliingii ukutani mpaka asimame mpinzani aliyepambana na mtu huyo uwanjani, aseme kwa kinywa chake kwamba anastahili. Nimewatafuta wapinzani wote wa Leander. Novotny tulimzika Oktoba. Yule bonge wa Calder hamkumbuki hata mkewe. Umebaki wewe peke yako, Emil. Ukikataa, jina la Leander halitaingia kamwe.

Njoo usimame. Milka ataoka ule mkate wa jozi wa mama yenu.

Ni mimi shemeji yako,
Augie

*

Tucson, Arizona
2 Februari 1987

Shemeji Augie,

Barua imefika. Salamu za dada yangu nimezipokea kwa mikono miwili, zako kwa mmoja. Kifua kinapiga filimbi kama treni ya makaa, lakini jua la huku linanibembeleza. Ninakula, mwambie, ingawa kabichi ya huku haina adabu.

Kuhusu Moseley: hapana.

Nisikilize kabla hujaanza kupunga mikono kama ukoo wako wote wa Kiitaliano. Huo ukuta una watu waliofunga. Una Stiglitz aliyekimbia uwanja mzima na kiatu kimoja. Huyu wako alifunga pointi ngapi? Hakufunga hata moja! Kazi yake ilikuwa kuinama katikati ya mstari, kukurudishia wewe mpira kati ya miguu yake, halafu kunisukuma mimi. Miaka mitatu alikuonyesha makalio, sasa unataka watu wayapigie makofi?

Na usidhani ni mambo ya rangi yake. Mgodini sote tulitoka weusi.

Halafu kuna jambo la mwaka 1938, Siku ya Shukrani. Bonde zima linajua nilimpita Moseley siku ile. Nilimpita kama upepo, nikakubeba wewe na meno yako yote nikakutupa chini. Mtu niliyempita mimi ni shujaa wa nini?

Msalimie Milka. Mwambie mkate wa jozi unaweza kusafiri kwa posta.

Shemeji yako asiyebadilika,
Emil

*

Tressler
19 Februari 1987

Shemeji,

Natumaini filimbi ya kifua imepunguza sauti. Milka amesoma barua yako, akacheka kwenye makalio, akanuna kwenye mgodi. Nami pia. Mgodini mlitoka weusi, kweli, halafu mkaoga. Leander alioga pia, na bado kinyozi wa barabara kuu hakumkalisha kwenye kiti chake. Gazeti liliandika majina yetu sote, likifika kwake lilisema “na mstari wa mbele”. Hiyo ndiyo sababu mojawapo nataka jina lake lichongwe kwa herufi kubwa.

Lakini tubishane mpira kwa mpira. Unasema hakufunga. Mimi nilifunga mara kumi na tisa, picha yangu iko ukutani, na nakwambia mbele ya Mungu kwamba nilikimbilia njia aliyoifagia yeye. Unakumbuka mechi ya Calder, matope mpaka magotini? Mpira ulikuwa unateleza kama sabuni. Leander alikuja na kitambaa cha jikoni cha mama yake amekichomeka kiunoni, akaufuta kila mara kabla ya kunipa. Siku ile sikuudondosha hata mara moja, na magazeti yakasifu mikono yangu. Mikono yangu! Nilipokuwa na woga, nilitazama mgongo wake ulioinama pale mbele, nikatulia. Sijawahi kumwambia mke wangu maneno kama haya kuhusu mtu mwingine, naye anasoma juu ya bega langu.

Sasa mwaka 1938. Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa chini yako. Ulinilalia, ukapiga kelele, “Nimekupata, mla makaroni!” Nami sikuwa na mpira. Nilikuwa nimeshampa mwenzetu Dudek, naye alikuwa anapita palepale ulipotoka wewe, peke yake, mpaka mstari wa mwisho. Ule ulikuwa mtego. Hukumpita Leander. Alikufungulia mlango. Bonde zima linajua hilo nalo, ila kwa kuwa una ngumi nzito hakuna aliyekwambia usoni.

Usirarue karatasi bado. Jumapili nilikwenda kumwona Leander. Nyonga zimekwisha, anatembea kwa fimbo, lakini kicheko ni kile kile. Mkewe Odessa alitupa pai ya viazi vitamu. Nikamwambia umekataa. Nilidhani atakasirika. Akasema, “Emil ana haki. Mimi ningekuwa yeye ningekataa mara mbili.”

Nikamuuliza kwa nini siku ile, tulipokusanyika duara kupanga, alisema tu, “Mwacheni apite.” Hatukumuuliza wakati ule, kwa sababu Leander akisema ulifuata. Akanijibu hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

“Kwa sababu alikuwa ameshanishinda, Augie. Bega langu lilikuwa limekufa tangu mapumziko. Ningejaribu kumzuia tena angenikanyaga, akukanyage na wewe. Mtu usiyeweza kumzuia, mfungulie mlango, ajikwae kwa nguvu zake mwenyewe. Mtego ule hatukumtegea mtu dhaifu hata siku moja. Na mwambie kitu kimoja. Mwambie nilijua kuhusu kifundo cha mkono wa kushoto. Nilikijua tangu msukumano wa kwanza. Sikumwambia mtu.”

Sijui maana ya hayo ya mwisho, wala hakutaka kunifafanulia. Alisema wewe utaelewa.

Shemeji yako anayekusubiri,
Augie

*

Tressler
1 Aprili 1987

Shemeji Emil,

Hujambo lakini? Wiki sita hakuna hata mstari. Simu inaita tu, hakuna anayepokea. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Milka anasimama dirishani kila posta inapopita, na siku hizi hanitanii, jambo ambalo linanitisha.

Tukose kura yako, sawa. Tusikukose wewe.

Shemeji yako,
Augie

*

Tucson
8 Aprili 1987

Shemeji Augie, na dada yangu Milka,

Niko hai. Nililazwa. Kifua kilifunga duka kabisa, wakanifungua kwa mashine. Sasa nimerudi nyumbani na chupa ya hewa inayonifuata kila chumba kama mbwa. Jirani yangu Bi Consuelo ananipikia maharage. Msilie. Milka, nimesema usilie.

Barua yako niliisoma hospitalini mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Mara ya kwanza nilisema, huyu Augie ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, amejitungia maneno ya Moseley ili aninunue kwa sifa. Nilikuwa nakuandikia matusi kichwani. Kisha nikafika kwenye kifundo cha mkono.

Augie, hukuweza kulitunga hilo. Siku nne kabla ya mechi ile gari la makaa liliubana mkono wangu wa kushoto. Sikumwambia kocha, angeniweka benchi. Sikumwambia mama, angenifungia ndani. Niliufunga kwa kitambaa, nikavaa mikono mirefu, nikacheza. Mpaka leo hakuna aliyejua, hata Milka aliyelala chumba cha pili.

Naye alijua! Alijua tangu msukumano wa kwanza. Angewanong'oneza kwenye duara neno moja tu, “kushoto”, mngenipigia upande huo mchana kutwa na ningekuwa kilema sasa. Alikuwa na bega bovu, alikuwa anashindwa, na njia ya kunimaliza ilikuwa mkononi mwake. Akanyamaza. Akachagua kunifungulia mlango.

Karibu miaka arobaini na tisa nimeinywea bia hadithi ya siku niliyompita. Nilijua, Augie. Nilijua tangu nilipowasikia watu wenu wakishangilia na mimi nimekukalia. Nani anashangilia mchezaji wake akiwa chini? Niliuchukia mlango ule kuliko kushindwa kwenyewe. Sasa mzee huyu ananiambia aliufungua kwa sababu nilikuwa na nguvu kumshinda. Sina pa kuiweka heshima hiyo. Nyumba yangu ni ndogo.

Nitamsemea. Lakini daktari hataki kusikia neno ndege. Iambie kamati yako nitazungumza kwa simu. Wakisema kanuni inataka mtu asimame, waambie nitasimama. Jikoni, chupa ya hewa kando yangu, Bi Consuelo shahidi.

Shemeji yako na kaka yako,
Emil

*

Tucson
27 Aprili 1987

Shemeji Augie,

Salamu nyingi, afya ndiyo hiyo hiyo, twende kwenye jambo.

Uliniuliza mbele ya watu wote, “Emil, umesimama?” nami nikakujibu nimesimama tangu mlipoanza supu, bwege wewe. Nikasikia wanacheka. Nikasema yangu. Sijui kama nilisema vizuri; pumzi iliniishia mara mbili. Najua nilisema kwamba nilisukumana na watu wa bonde lote, na mmoja tu alinirudisha nyumbani na mikono yangu yote miwili. Najua nilisema, “Mimi Emil Kucharik wa Vesta nasema anastahili.”

Baadaye nikasikia viti. Kisha kimya, kimya kirefu, nikadhani wamekataa. Kisha kelele kama paa limeanguka, na simu ikakatika. Nilimpigia Milka jana, analia tu na kusema, “Ungemwona, Emil, ungemwona.” Ningemwona vipi, nami niko jangwani?

Niambie alifanya nini. Niandikie taratibu, usiruke kitu.

Emil, shemeji yako

*

Tressler
4 Mei 1987

Shemeji wangu Emil,

Tunakusalimu wote wawili. Milka ameacha kulia na ameanza kuoka, mkate uko njiani kwa posta.

Simu tuliiweka juu ya kiti katikati ya ukumbi, kipaza sauti kikiwa kimeelekezwa kwake ili wote wakusikie. Ulisema vizuri. Wapo waliokuja kula tu, wakasahau sahani. Pumzi ilipokuishia mara ya pili, ukumbi mzima uliishiwa pamoja na wewe. Ulipomaliza, kamati ilinyoosha mikono yote bila kutazamana. Leander alikuwa meza ya mbele, kichwa ameinamisha, Odessa amemshika mkono.

Kisha aliinuka. Hivyo ndivyo viti ulivyovisikia, watu wakimpisha. Tulidhani anakwenda jukwaani kushukuru. Akampa Odessa fimbo yake. Akatembea bila fimbo mpaka katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya kile kiti chenye simu. Mbele yako, Emil.

Akainama. Kwanza magoti, tuliyasikia mpaka nyuma. Kisha mgongo. Kisha akaweka mkono wa kulia sakafuni, kama alivyouweka juu ya mpira kila siku ya ujana wetu, akanyanyua kichwa akaitazama simu. Hicho ndicho kimya chako kirefu. Nilikuwa hatua chache nyuma ya mgongo ule, na nakuapia, shemeji, mikono yangu ilijinyoosha yenyewe kupokea.

Alisema kwa sauti ya chini, ndiyo maana hukumsikia. Watu waliposikia ndipo walipopiga ile kelele, mtu akajikwaa kwenye waya wako.

Alisema, “Mwambieni Emil aje tena. Leo mlango umefungwa.”

Shemeji yako,
Augie