Unga Uliotakiwa Kuwaka Buluu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Buluu! Wallahi, buluu kabisa! Kijiko kimoja tu cha unga mweupe, nikaumulika kwa taa ya majaribio — ukawaka kama moto wa gesi. Kerrow, mwenzangu hapa maabara, aliruka. Eti tukiupaka kwenye taa, miche ya sukuma itakulia ndani, jua la Garissa lichome vichaka likitaka. Alhamisi wafadhili wanakuja. Wasipoona taa yetu ikiwaka, chumba kinarudi kuwa stoo. Kesho tunachoma unga wa taa nzima. Madini yenyewe ndiyo ya mwisho.

Jumatano, 8 Oktoba

Nyekundu.

Nilifikicha macho nikatazama tena. Nyekundu! Vipimo vilevile, tanuri ileile. Nikafunua chungu kikubwa — makaa hamna! Chungu kidogo cha unga hukaa katikati ya makaa, yamalize hewa. Hewa ikiufikia unga, buluu usahau. Sasa nani kachukua makaa?

Eddo Fatumo! Shangazi yangu mwenyewe! Jana alikuja kutusafishia chumba, sisi tukaenda kuswali. Anasema mgeni hapokelewi penye harufu ya dawa, aibu, kwa hiyo alifukiza uunsi, ubani wetu. Akaona makaa safi namna ile, akayatia kwenye chetezo. Chungu akakifunika vizuri. Nasi tukarudi tukawasha tanuri bila kuangalia! Ananiuliza kama harufu nimeipenda. Nimeshindwa hata kulia.

Unga unaweza kuchomwa upya, na makaa. Lakini stima imepotea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Stima imerudi sasa hivi, wageni wameshafika! Wamesifu harufu. Ya Rabi. Wameenda kuswali adhuhuri. Unga uko tanurini, hautoki kabla ya alasiri, na gari lao linaondoka baada ya chakula.

Kerrow ametoka sokoni na taa ya buluu ya dukani. Ameifunga juu ya miche yetu. Eti nani atajua?

Eddo ameingia, akaiona. Mashallah! Akanishika uso kwa mikono miwili, akauliza kama hii ndiyo ile niliyoitengeneza.

Nimesema ndiyo.

Mimi! Mdomo wangu huu! Sijui neno hilo limetoka wapi. Kerrow mwenyewe ameinama chini.

Sasa namsikia eddo uani. Wageni wamerudi, anawaambia ni kazi ya binti yake, yaani mimi, waje waone. Wanacheka naye. Wanakuja huku —