Msalaba Mwekundu Kwenye Nyumba ya Matanga

Mji wa Baraka, Jumanne

Sheria mpya ya komine, serikali ya mtaa wetu, ni nzuri: nyumba yenye ufa mkubwa inapakwa msalaba mwekundu, kisha inabomolewa. Lakini leo sisi wapakaji wa komine tuliupaka kwenye nyumba moja bila kubisha hodi, kumbe ndani kuna matanga.

"Tumezika mumoja jana, sasa kwa musalaba huu munatuchagulia mwingine wa kufa?" Kaka wa marehemu alifoka, akampiga mwenzangu Elia kwa tofali mdomoni. Meno yalianguka kwenye rangi. Wengine wakatoka na mapanga, tukakimbia.

Mvua imeanza kunyesha. Bamama na batoto wa matanga wanalala chini ya ukuta ule ule wenye ufa. Ukiwaangukia...

Nimempigia simu shefu wetu wa kazi, nikamwambia narudi kuwatoa. "We, unataka kufa? Bakia nyumbani."

Nimeshavaa viatu.