Miguu ya Meza Haina Kulia wala Kushoto

Karakana ya Baba,
Mtaa wa nyuma ya stesheni.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zikufikie hapo kitandani ulipo. Hali yako? Usingizi unapata? Chakula cha hospitali unakimaliza, au bado una yale maringo yako ya kuchaguachagua? Sisi huku tu wazima. Mama kifua kilimbana siku chache, lakini sasa ameanza tena kugombana na kila anayepita mlangoni, kwa hiyo ujue amepona. Mkeo hajambo. Baba hajambo. Mimi sijambo, ila nina hasira na wewe, na leo utanisikia.

Barua yako ilifika, fupi kama telegramu. Unasema mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Unasema vita vimekwisha na wewe umekwisha, fundi wa mguu mmoja ni mzigo kwa watu, hurudi nyumbani ng'o, na vyombo vyako tugawane. Niliisoma kwa sauti mezani kwa sababu ndivyo tunavyosoma barua zako zote, na nilipofika kwenye vyombo nikaiweka barua chini. Nililia, sikufichi. Kisha nikajifuta uso nikasema, huyu ananitania.

Mama aliinuka akaenda chumbani. Mkeo aliendelea kukunja nguo ile ile, anakunja anakunjua, mpaka nikamwonea huruma. Halafu akasema, "Wifi, mwulize. Mguu ungekuwa wangu, angegawa sufuria zangu?" Haya, nimekuuliza, na jibu umpe mwenyewe.

Baba aliichukua barua akaigeuzageuza. Unalijua jicho lake, lile la kutafuta ufa kwenye ubao. Mwishowe akauliza jambo moja tu: "Kidonda kimekauka?" Niliipitia barua tena, lakini wewe ulituandikia habari za vyombo na habari ya kidonda ukaiacha.

Ngoja nikupe habari za karakana, ndipo uelewe kwa nini aliuliza hivyo.

Ulipoondoka tulikuwa tunachonga vitako vya bunduki kutwa kucha, unakumbuka. Basi siku zile zile ving'ora viliponyamaza, akaja ofisa mmoja, kofia kwapani, akasema havihitajiki tena. Alisema hivyo kama mtu anayerudisha kikombe cha chai. Tukabaki na rundo la mbao nzuri kavu mpaka kwenye dari, na mafundi wamekunja mikono. Mtaani nako ni hivyo hivyo. Mwoka mikate amefunga duka kwa sababu hana wa kumkandia unga, wanawe wote wawili hawakurudi. Stesheni wanaopakua mizigo sasa ni wanawake, na wanaoteremka kwenye treni ni vijana wenye magongo. Wengine hawajui waende upande gani, wanasimama tu pale mpaka mtu awashike mkono.

Mwalimu, yule aliyetufundisha historia mimi na wewe, anakuja kila alasiri anakaa juu ya lile rundo la mbao na kutueleza sababu za vita. Amestaafu lakini mdomo haujastaafu. Ameshachora dunia nzima kwa chaki kwenye ubao tuliokuwa tunauhitaji. Anasema wakubwa walikuwa wanagombea bandari na chuma na mashamba ya watu wengine. Kila mmoja akamwogopa jirani yake, akalimbikiza silaha. Wakaogopana zaidi kwa sababu ya silaha zenyewe. Kisha wakaapizana, ukipigwa wewe nimepigwa mimi, ikabaki mtu mmoja kufanya ujinga mpakani na wote wakatumbukia pamoja.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka patasi chini. Akauliza, "Huyo wa mpakani, miguu yake anayo?" Mwalimu akaitazama ramani yake ya chaki. Akasema, "Anayo yote miwili." Baba akachukua patasi yake akaendelea na kazi. Mimi tangu siku hiyo nasema hivi: sababu za vita hatukuulizwa, lakini matokeo wameyaleta mpaka mlangoni kwetu, na ya mlangoni kwangu nitayashughulikia mwenyewe.

Basi ndiyo tukaanza kutengeneza miguu ya mbao. Wazo lilikuwa la Baba. Alishika kitako kimoja ambacho hakijamalizika, akatazama pale kinapopinda, akasema hapa ni kifundo. Tukachonga kwa bidii ya ajabu, mikanda ya ngozi tukapata kwa fundi viatu, msasa mkeo akaupiga kwa mikono yake mpaka ukijitazama unajiona. Tukaipanga ukutani. Jamani, ilipendeza! Baba mwenyewe alitabasamu, na unajua tabasamu la Baba ni la kuazima.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Barua, yule tarishi aliyekuwa akituletea barua zako kabla naye hajaitwa jeshini. Yeye amepoteza wa kulia. Akakaa, akafunga mikanda, akasimama, akatembea mpaka mlangoni. Sote tukawa tunamtazama. Nyayo zote mbili zilikuwa zimepinda upande mmoja, zote kama za kushoto. Tulikimbilia ukutani kutafuta mwingine. Mdogo wangu, miguu yote tuliyochonga ilikuwa ya kushoto!

Tulichonga mmoja, ukapendeza, tukaufanya kiolezo, na yote iliyofuata tukaitoa kwenye kiolezo hicho. Ndivyo tunavyofanya meza na viti siku zote. Miguu ya meza haina kulia wala kushoto, na katika karakana nzima iliyojaa mafundi hakuna hata mmoja aliyejitazama chini akaona yake ikoje. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Bwana Barua akatazama nyayo zake, akasema mguu wake unampeleka nyumbani na wa mbao unampeleka kwa jirani, na mkewe hatapenda. Akaanza kucheka. Mke wake, aliyemsindikiza, akashika mlango akalia, kwa sababu tangu mumewe arudi vitani hakuwa amecheka hata siku moja.

Baba hakucheka. Alipiga goti mbele yake pale pale, akampima wayo kwa penseli, akampima goti, akamshika kigutu kwa kiganja taratibu kama anavyoshika yai, akiuliza hapa panauma, hapa je. Tangu siku hiyo amekula yamini: hakuna mguu utakaomalizwa katika karakana hii kabla hajamwona mwenye kuuvaa na kumshika kwa mkono wake, maana mguu wa mbao hauvaliwi juu ya kidonda kibichi; ndiyo maana alikuulizia kidonda. Bwana Barua sasa anagawa barua. Polepole, lakini anagawa, na hii yako ataipeleka posta yeye.

Sasa turudi kwako na huo mzigo wako.

Uliandika kwamba fundi hawezi kupiga randa akiwa na mguu mmoja. Mimi nikasema sitabishana na mtu kwa jambo nisilolijua. Asubuhi moja kabla mafundi hawajafika, nikakunja mguu wangu wa kushoto kwa nyuma, nikaufunga kwa kitenge, nikashika randa yako. Ndiyo, randa yako, ile usiyotaka mtu aiguse. Nilisukuma mara moja tu nikaenda chini puu! Mama alinikuta nimelala kwenye maranda na mguu umefungwa, akadhani nimeingiwa na shetani. Nyonga ilivimba, na mkeo alinikanda huku akinicheka.

Kesho yake nikarudia. Nikaanguka tena. Siku ya tatu nikagundua kwamba nikiegemeza nyonga kwenye ukingo wa meza ya kazi, nguvu inatoka kiunoni badala ya mguuni, lakini meza iko juu mno. Nikaendelea hivyo hivyo nikisaga meno, jasho linanitoka, nakutukana kimoyomoyo, samahani. Nikamaliza ubao mzima. Baba alipoingia nikampa, akaupitishia kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Umepinda. Lakini ni ubao." Halafu akachukua msumeno akaikata miguu ya meza yako ya kazi, ikashuka mpaka usawa wa kuegemea. Meza ile ya babu, mdogo wangu, ambayo Baba alikataa hata ihamishwe kutoka dirishani. Mtu anayeikata miguu meza ya baba yake hivyo hajakata tamaa na mwanawe.

Kwa hiyo vyombo hatugawani. Patasi zako zimepakwa mafuta, randa yako nimeinoa mwenyewe, na ukikuta nimeinoa vibaya utanigombeza hapa hapa karakanani.

Mama anakusalimu na anasema umwombe muuguzi blanketi la pili, usione haya. Mkeo anakusalimu kwa maneno ambayo hakutaka niyaandike. Mwalimu anakusalimu na anadai ana sababu nyingine mpya ya vita. Bwana Barua anasema jambo gumu ni ngazi, mengine yote yanazoeleka.

Mungu akukaushie kidonda, akupe na usingizi. Ijumaa mimi na Baba tunapanda treni. Anakuja na futi yake, patasi zake na mguu wa kushoto uliochongwa nusu. Nusu iliyobaki ataichonga hapo kando ya kitanda chako, daktari apende asipende. Tutakaa mpaka usimame. Sikukatazi kutukatalia, mdogo wangu. Lakini utatukatalia ukiwa umesimama, unamtazama Baba machoni, na yeye bado ana maranda ya mguu wako kwenye nywele.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza.